Mficha uchi hazai: lakini amfunulie nani, na kwa maneno gani?

Mficha uchi hazai. Wahenga waliisema kwa wema, wakimaanisha kwamba aibu ikizidi humnyima mtu kile kile anachokitafuta. Siku hizi methali hii husikika sana kwenye vyumba vya kliniki, ikitoka kwa nesi mwenye foleni ndefu nje na kumwangukia mwanamke aliyebana mapaja juu ya kitanda. Hapo haifundishi tena, inachapa. Na ukiichunguza, methali yenyewe imenyamazia mambo mawili yanayomkosesha mgonjwa raha: amfunulie nani, na huyo anayefunuliwa aseme nini.

Tuchukue Tanga. Ni mji ambao mwanamke hujitanda kanga hata akienda duka la jirani kununua chumvi, na katika nyumba za Ngamiani mgeni huishia barazani; uani hapaingii mtu ovyo. Aliyelelewa hivyo akifika zahanati akaambiwa "vua, panda kitandani" na mtu ambaye hajamtajia hata jina lake, mwili wake unafanya ulichofunzwa tangu utotoni, unajificha. Wapo wanaoona huo ni ushamba. Wamekosea. Mwanamke wa pwani aliyepita mikononi mwa somo wake, yaani kungwi aliyemfunda, anaujua mwili wake vizuri na maneno yake anayo. Anajua pia wapi husemwa na wapi hayasemwi.

Kiswahili kinatusaidia kuutatua mkanganyiko huu, maana kina maneno matatu ambayo watu huyachanganya: haya, aibu na fedheha. Neno "haya" ni la malezi. Mtu husifiwa nayo, "yule binti ana haya". Aibu ni hali inayompata mtu anapojiona ameonekana. Fedheha ni kitu mtu anachofanyiwa na mwingine. Nesi hana kazi ya kumwondolea mgonjwa haya, wala hawezi. Aibu anaweza kuipunguza. Fedheha iko mikononi mwake peke yake. Ndiyo maana matangazo yanayowaambia wanawake "acheni aibu mkapime" hayafiki mbali: yanamdai mgonjwa kitu ambacho kingepaswa kutoka kwa anayempima.

Aibu inavyoumiza

Hili si suala la adabu tu. Aibu hufanya kazi mwilini kama hofu. Moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho, na misuli hujikaza bila kuamriwa. Misuli inayotuhusu hapa ni ya sakafu ya nyonga. Imetandazwa kama chandarua kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, ikiizunguka njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Ikijikaza, mlango wa uke hubana. Kifaa kikilazimishwa hapo kinaukwaruza ukuta wa uke na kuigandamiza njia ya mkojo kwenye mfupa wa kinena, na huko ndiko yanakotoka yale maumivu makali ambayo wanawake huyasimulia miaka na miaka. Maumivu huleta hofu, hofu hukaza misuli zaidi, kifaa kinaumiza zaidi. Safari ijayo mgonjwa huja akiwa amejikaza tangu kwenye daladala. Au haji.

Kwa hiyo maneno ya nesi ni kifaa cha kazi, sawa na glavu na jeli. Kumwambia mtu "legeza!" hakumsaidii kwa kuwa hajui alegeze nini. "Usijikaze" ndiyo mbaya zaidi, maana unamkumbusha kukaza. Mpe kitu cha kufanya: "Acha makalio yazame kwenye kitanda." "Vuta pumzi mpaka tumbo liinuke, halafu itoe polepole kwa mdomo, kama unapuliza uji wa moto." Hii ina sababu yake. Tumbo linapoinuka kwa pumzi, kiwambo cha kifua hushuka na sakafu ya nyonga hulegea pamoja nacho. Jaribu hapo ulipokaa: jikaze kama unayebana mkojo, kisha vuta pumzi ndefu ya tumboni. Utaisikia misuli ile ile ikiachia.

Hodi

Pwani mtu hapigi hodi huku keshaingia. Hupiga, akangoja, akapiga tena. Asipojibiwa mara ya tatu hurudi zake. Desturi hii hii ndiyo inayokosekana katika vyumba vingi vya uchunguzi, wakati mgonjwa ana milango mitatu kabla hajaguswa: pazia, shuka na ngozi. Kila mmoja una hodi yake, na kila mmoja unangoja "karibu".

Kazi huanza mgonjwa akiwa amevaa na amekaa kitini. Nesi wa miaka ishirini na mitano akipokea bibi wa miaka sitini, shikamoo ni yake kuitoa, na aitoe wakati huo, wanatazamana. Kumwamkia mtu mzima akiwa amelala, magoti juu, ni kituko. Namna ya kumwita nayo ina uzito. "Mama" ni heshima, lakini kwa mwanamke aliyekuja kwa sababu miaka sita hajapata mtoto, neno hilo linaweza kuchoma. Swali la "nikuite nani?" huondoa tatizo kwa sekunde mbili.

Kisha yaje maelezo, ambayo kwa uzoefu wa kazi hayazidi dakika moja na nusu:

"Leo tunaangalia mlango wa kizazi, kuona kama kuna dalili za mwanzo za saratani. Utavua nguo ya ndani tu. Gauni linabaki, na kanga yako utajifunika kuanzia kiunoni. Kifaa kitakaa ndani kama dakika mbili tatu. Utasikia kusukumwa, na pengine maumivu kama ya siku zako. Ukitaka nisimame, sema 'ngoja' au inua mkono. Nitasimama hapo hapo. Mimi natoka nje, ukiwa tayari niite."

Sentensi ya mwisho hupuuzwa kuliko zote. Wagonjwa wengi huona kuvua mbele ya mtu ni kuzito kuliko kipimo chenyewe. Mtu anayevua huku akitazamwa yumo katika kitendo kinachofanywa chumbani kwake na mumewe. Akikutwa tayari amejifunika, ni mgonjwa. Nesi asiye na mahali pa kutoka, maana vyumba ni vidogo, anaweza kugeuka akaandika faili lake, lakini amwambie kwamba amegeuka.

Chumba nacho kinasema. Kosa la kwanza kulitazama ni kitanda kuelekezwa miguu mlangoni. Anayefungua mlango kwa bahati mbaya hukutana na kila kitu, na mgonjwa analijua hilo tangu alipolala, kwa hiyo macho yake hayatoki kwenye kitasa. Kitanda kigeuzwe, kichwa kikae upande wa mlango, haligharimu shilingi. Pazia liguse karibu na sakafu. Mlango uwe na komeo linalofanya kazi. Vifaa vyote viwekwe mezani kabla mgonjwa hajalala, maana nesi anayetoka katikati kwenda kutafuta pamba amemwacha mtu peke yake katika mkao ambao dakika moja ndani yake ni kama saa. Na pazia huzuia macho tu. "Wa kupima kizazi aje!" iliyopigwa koridoni imeshamaliza siri kabla mtu hajainuka kwenye benchi.

Dakika tano kitandani

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na kipimo kinachotumika zaidi ni cha siki. Huwalenga hasa wanawake wa miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU hushauriwa kuanza mapema na kurudia mara nyingi zaidi. Ni kipimo rahisi. Kinachokishinda mara nyingi ni zile dakika tano.

Mgonjwa akojoe kwanza. Kibofu kilichojaa huongeza maumivu na huongeza hofu ya kujikojolea, ambayo peke yake inatosha kumkaza mtu. Hahitaji kunyoa. Wengi huja wakiomba radhi, "samahani sikujiandaa", na wengine hujikata kwa wembe asubuhi ile ile wakaja na vidonda vinavyowasha. Nesi asiseme lolote kuhusu nywele, hata la kusifu. Kujisafisha ndani kwa sabuni, ndimu au maji ya chumvi kuna madhara: huua bakteria wema wanaoulinda uke, huleta michubuko na huharibu kinachotakiwa kuonekana. Siku mbili kabla ya kipimo asiingize kitu chochote, na asije akiwa kwenye hedhi.

Alale chali, magoti yamekunjwa, makalio yasogee hadi ukingo wa kitanda. Hapa linakuja neno ambalo limewaudhi wanawake wengi: "panua". Kwa Kiswahili cha mtaani neno hilo limebeba matusi, na hakuna koti jeupe linaloweza kulisafisha. "Acha magoti yaanguke kulia na kushoto" inamfikisha pale pale. Ikisemwa huku mkono wa nesi umewekwa hewani, sentimita kadhaa nje ya goti, na mgonjwa akaambiwa "fikisha goti kwenye mkono wangu", basi yeye ndiye anayefungua, hafunguliwi. Kamwe magoti yasisukumwe.

Nesi aguse paja kwanza, kwa mgongo wa mkono, akisema. Kugusa sehemu ya ndani bila kupita kwenye paja hushtua, na mshtuko hukaza. Spekulamu, kile kifaa chenye umbo la mdomo wa bata, ipashwe kwa maji ya uvuguvugu. Chuma baridi kina sifa mbaya na inastahili. Mwonyeshe mgonjwa kabla, akishike akitaka. Uchague cha ukubwa wake: aliyezaa mara nne na ambaye hajazaa hawatumii kimoja. Kiingizwe kikiwa kimefungwa, kikielekea chini upande wa mgongo na si juu, kwa sababu juu kuna njia ya mkojo na mfupa. Mwanamke akitaka kukiingiza mwenyewe aachwe. Wengi huweza, na hawaumii.

"Utasikia mlio wa kifaa kinapofunguka, usishtuke." Mlio ule mdogo wa chuma umewarukisha watu kitandani kwa kuwa tu hakuna aliyewaonya.

Mlango wa kizazi ukionekana, ute hufutwa, kisha hupakwa siki maalumu ya asilimia 3 hadi 5, na hungojwa dakika moja kamili. Chembe zenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Dakika hiyo ndiyo nesi wengi hunyamaza wakatazama, na mgonjwa husoma uso. Kiswahili kina silaha ndogo ya hatari hapa: "Mh!" Sauti moja tu, aliyeitoa labda anajiuliza kama taa inatosha, lakini mgonjwa ameshajizika. "Loo" na "makubwa" ni ndugu zake. Jaza dakika hiyo kwa maneno ya kawaida: "Nimepaka siki, inaweza kuwasha kidogo. Nangoja dakika moja. Imebaki nusu." Nesi wawili wasizungumze juu ya kichwa chake mambo ya mchana wao, wala wasihamie Kiingereza au kilugha ghafla. Mgonjwa aliyelala vile huamini kila kicheko kinamhusu.

Kifaa hutolewa polepole, kikivutwa kidogo kwanza ndipo kifungwe. Ukikifunga kikiwa bado kimeukumbatia mlango wa kizazi, utaubana. Nywele na ngozi nazo hunaswa kwenye skrubu kwa haraka hii ya mwisho. Mpe karatasi ya kujifuta, toka, arudi kitini, avae. Majibu yatolewe hapo, amevaa. Aliyelala nusu uchi husema "sawa" kwa kila kitu, na hakumbuki hata kimoja akifika nyumbani.

Kuna neno jingine linalopaswa kuangaliwa, nalo tumelizoea hadi hatulisikii: "uchafu". "Unatokwa na uchafu?" ndivyo tunavyouliza, na ndivyo wagonjwa wenyewe wanavyosema. Uke wenye afya hutoa ute kila siku. Ukishauita uchafu, umemhukumu mtu kabla ya kumpima, na ndiyo maana wengine husema "tumbo la chini linauma" ili wasiseme lile. Uliza "majimaji" au "ute": rangi yake, harufu yake, kama unawasha. Lakini asiyezoea maneno yako mfuate kwake. Akisema "huko chini", uliza kwa upole, "chini mbele, kwenye njia ya mkojo, au ndani kwenye njia ya mtoto?" Kuna watu wametibiwa mkojo miezi mitatu kwa sababu ya "huko chini" ambayo hakuna aliyeifafanua.

Ikiwa haya yote yanamshinda mtu, ipo njia nyingine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, kitangulie pale kinapopatikana, na sampuli yake mwanamke anaweza kuichukua mwenyewe kwa kijiti laini nyuma ya pazia, hakuna anayemtazama. Ni vema kuulizia, kituoni au Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga. Bikira hapimwi kwa spekulamu ila kwa sababu nzito. Maswali mengi ya kizazi chake hujibiwa na ultrasaundi ya tumboni, kibofu kikiwa kimejaa. Ila hapa swali lenyewe huulizwa vibaya. "Umeolewa?" haikuambii kitu unachotaka kujua. "Umewahi kukutana kimwili na mwanamume?" inakuambia, ikiulizwa wakati mama yake yuko nje.

Leba

Kupima njia wakati wa uchungu ni uchunguzi wa aina nyingine, kwa kuwa mwanamke tayari ana maumivu na hana mahali pa kukimbilia. Uchungu ukienda vizuri, mapendekezo ni kupima kila baada ya saa 4, kwa vidole viwili, uchungu ukiwa umepoa. Kupima zaidi bila sababu kunaongeza hatari ya maambukizi, na kila mara ni hodi mpya. Ruhusa ya saa nne zilizopita imekwisha. Ukishapima, mwambie. "Njia imefunguka sentimita sita, mtoto ameshuka" ni mali yake, si ya faili tu. Mwanafunzi akitaka kupima, atambulishwe kama mwanafunzi, mmoja, na mama aambiwe anaweza kukataa.

Lipo jambo ambalo halisemwi na linachelewesha watoto kutoka. Kichwa kikishuka kinagandamiza njia ya haja kubwa, na mama akisukuma kinyesi kidogo hutoka. Akijisikia hivyo, wengi hukata pumzi na kuzuia, wakasukuma kwa koo badala ya kusukuma chini. Nesi aseme mapema: "Utasikia kama haja kubwa. Hiyo ni ishara kichwa kipo karibu, sukuma huko huko. Kikitoka kitu nafuta, sisi tumezoea." Kisha afute kimya, asikunje pua.

Kuhusu kejeli za leba, ile ya "mbona siku ile hukulia?", inafaa kuelezwa inakotoka. Mara nyingi ni hofu ya nesi mwenyewe, yuko peke yake zamu ya usiku, anaogopa mtoto kuchoka. Na wakati mwingine ni aibu yake: binti aliyetoka chuo juzi, kapangiwa mji asio na ndugu, anashika miili ya mama zake kwa umri, na ukali ndio vazi analojisitiri nalo. Inaeleweka. Hata hivyo haisaidii hata kidogo, kwa sababu hofu humwaga adrenalini, na adrenalini inaweza kuipunguzia nguvu mikazo ya kizazi inayomsukuma mtoto.

Nani awemo chumbani

Daktari mwanamume anapompima mwanamke, awepo nesi wa kike. Huyo mtu wa tatu humlinda mgonjwa na humlinda daktari. Mahali pake ni upande wa kichwa, aweze kumtazama mgonjwa usoni na kumshika mkono akitaka. Akisimama miguuni amekuwa mtazamaji.

Ndugu ni suala gumu zaidi. Mavyaa aliyemsindikiza mkaza mwana wake atataka kuingia, na mkwe hawezi kumwambia atoke. Nesi ndiye wa kulibeba hilo: "Mama, chumba hiki anaingia mgonjwa peke yake, utaratibu wetu." Akishabaki naye, amuulize anamtaka nani. Kuna atakayesema mavyaa huyo huyo, na kuna atakayeshusha pumzi.

Kwa Waislamu, ambao Tanga ni wengi, kanuni inayojulikana ni kwamba haja ya matibabu inaruhusu kufunua, kwa kiasi kinachohitajika, na mtabibu wa jinsia moja atangulizwe akipatikana. Ukiitazama, haina tofauti na inavyofundishwa kazi hii darasani: funua unapopima, funika unapomaliza. Kama kipimo cha ukeni kinafunguza saumu, wanazuoni wametofautiana, na nesi asijifanye mufti. Kumpima asiye na dalili kunaweza kungoja Idi ipite. Damu baada ya kukutana na mume, au damu kwa aliyekwisha koma hedhi, haingoji mwezi uandame.

Mgonjwa naye ana ya kufanya. Avae gauni pana badala ya suruali ya kubana, abebe kanga mbili, moja ya kutandika na moja ya kujifunika, na pedi moja kwa sababu matone ya damu au majimaji ya siki yanaweza kutoka siku hiyo. Sentensi za kwenda nazo ni fupi: "Naomba nifunike." "Nieleze kabla hujanigusa." "Ngoja kwanza." "Naomba nesi wa kike awepo." Akifedheheshwa, mlango wa kwanza ni muuguzi mfawidhi au mganga mfawidhi wa kituo, tarehe na saa zikiwa zimeandikwa. Juu yao kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalosimamia maadili ya kazi hii chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010.

Wanaume nao

Mwanamume wa pwani anayekojoa mara tano usiku ataongea juu ya kisukari, joto na chai kabla hajafika kwenye tezi dume, kwa sababu amesikia kuhusu kidole. Tusizunguke: hofu yake ni kushikwa nyuma na maana ambayo mtaa unaipa. Mzaha hapo, hata wa kirafiki, humfukuza. Aelezwe kwamba tezi iko mbele ya njia ya haja kubwa, hivyo upande wake wa nyuma, ambako saratani nyingi huanzia, unafikiwa kwa kidole; kwamba kipimo cha damu cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi hiyo, husaidia lakini hakielezi ugumu wala uvimbe; na kwamba ni chini ya dakika moja. Alale ubavu wa kushoto, magoti kifuani, amefunikwa. Kidole chenye jeli ya kutosha hutulia mlangoni kwanza, naye aambiwe asukume kidogo kama anayekwenda haja. Hilo hufungua msuli. Atahisi haja, haitatoka.

Mpira wa mkojo una maudhi yake. Njia ya mkojo ya mwanamke ni kama sentimita 4, ya mwanamume ni kama 20, kwa hiyo jeli ya ganzi kwake si anasa. Iwekwe, ingojwe dakika 3 hadi 5. Wengi hawangoji. Puto dogo linaloushikilia mpira ndani ya kibofu lisijazwe maji kabla mkojo haujaonekana ukitoka, la sivyo linaweza kupasua njia. Na uume ukisimama katikati ya kazi, ni mishipa tu inajibu mguso. Mfunike, subiri kidogo, "hiyo hutokea", endelea.

Kisha kuna mabusha, ambayo pwani hii inayajua vizuri. Minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu huziba na kuharibu mishipa ya limfu, na maji hujaa kwenye mfuko wa korodani. Ivermektini na albendazole, dawa ambazo zimekuwa zikigawiwa mitaani, hukata maambukizi, lakini busha lililokwisha jaa huondolewa kwa upasuaji. Mzee anaweza kulisitiri ndani ya kanzu au kikoi miaka kumi. Siku akija, hatasema busha. Atasema "nina mshipa", na mshipa huo unaweza kuwa busha au ngiri.

Nesi aanze na neno lake: "Mshipa ulianza lini, baba? Ukilala hurudi, au unabaki vile vile?" Ngiri mara nyingi hurudi tumboni akilala, busha hubaki. Apewe kikoi cha kujifunika, asimame, akohoe; vidole vikiweza kukutana pale kwenye kinena, uvimbe wote ukabaki chini yake, na uvimbe hausukumi kwa kikohozi, yaelekea si ngiri. Halafu taa izimwe, tochi ndogo iwekwe nyuma ya uvimbe. Maji yanapitisha mwanga, na mara nyingi mfuko wote huwaka mwekundu kama kandili. Mzee akitaka kuona naye aonyeshwe. Wengi huinama wakatazama kwa muda mrefu, na swali linalofuata huwa ni la tarehe ya upasuaji.